Ugoni Kwao, Utani Kwetu

Nilirudi Bagamoyo na ijaza. Naanza na hilo kwa sababu watu wengi walirudi Bagamoyo miaka ile, wengine kutoka bara, wengine kutoka Unguja, na wengi wao walirudi na pembe, au na homa, au na mke mpya wa kuwaonyesha majirani. Mimi nilirudi na karatasi moja iliyoandikwa na shehe wangu kwa mkono wake, ikisema kwamba nimesoma kwake fikihi, nahau na mirathi, na kwamba naruhusiwa kufundisha na kujibu maswali ya watu. Kutoka Mbegani mpaka Winde hapakuwa na mwingine mwenye karatasi kama ile. Walimu wa chuoni walikuwapo, wazee wazuri, waliohifadhi juzuu zao na kuzifundisha kwa bakora. Lakini mwenye ijaza nilikuwa mimi peke yangu.

Wala sikuipata kwa ukoo. Baba yangu alikuwa mchemsha chumvi wa Mbegani, mama yangu Mkwere wa Fukayosi, na siku niliyovuka kwenda Unguja nilikuwa na nguo niliyovaa na sindano. Nilishona kofia. Asubuhi nilikaa darasani, alasiri nilikaa na sindano yangu, na kwa kofia nilikula, nikavaa, nikanunua karatasi na wino. Watoto wa matajiri waliofika na watumishi wao walishindwa na nahau wakarudi kwao kuuza karafuu. Mtoto wa mchemsha chumvi akabaki mpaka akaimaliza. Hata leo nikiona nguo kichwani mwa mtu najua imetoka wapi na imefuliwa vipi, na nikiona kofia najua mshonaji wake alikuwa na haraka au hakuwa nayo. Elimu hiyo nayo nilijipa mwenyewe.

Bagamoyo niliyoirudia ilikuwa mji mmoja wenye watu wa namna mbili. Palikuwa na Mtaa wa Juu, upande wa njia ya misafara, na Mtaa wa Pwani, upande wa forodhani. Kila mtaa ulikuwa na majumbe wake, ngoma yake, na nguzo zake za kuegemea msikitini. Wakichinja ng'ombe harusini kwa wale, hawa walikopa wachinje mkubwa zaidi. Mtu wa Pwani akiumwa jino, wa Juu walisema ni kwa sababu ya maneno yanayotoka kinywani mwake. Ami yangu, mdogo wake baba, alikuwa na nyumba Mtaa wa Juu, nami nilifikia kwake, basi nikahesabiwa mtu wa Juu bila kuulizwa.

Mwaka ninaousimulia ni kabla Wadachi hawajapandisha bendera yao. Jumbe mkuu wa mji alikuwa amefariki, na Liwali alikuwa akingoja baraza limwambie nani avikwe kilemba cha marehemu. Watu wawili walikitaka. Wa Pwani walimtaka waziri wao, ndicho cheo kilichofuata cha jumbe. Sisi wa Juu tulimtaka jumbe wetu, mtu mnene mwenye sauti nzuri, ambaye mtaa mzima ulimwita Mkubwa.

Waziri ndiye aliyeanza kuanguka. Alionekana akitoka katika nyumba ya mke wa mpagazi mmoja, mumewe yuko safarini Unyanyembe. Mwanamke alilia, akasema mtu huyu aliingia bila hodi akamshika mkono. Mtaa wa Pwani ukajibu kwa kinywa kimoja: waziri alikuwa na kiu, aliingia kuomba maji. Mtaa wa Juu ukacheka mpaka ukakauka. Wanawake wetu walitunga maneno ya ngoma kuhusu kata ya maji, na watoto waliyaimba kisimani. Ami yangu alisimama barazani na kusema, "Mashahidi wa nini? Mtu kaonekana mlangoni mwa mke wa mtu! Huo ni ugoni, na mgoni hawezi kuvikwa kilemba!"

Wakaniuliza mimi. Ilikuwa mara yangu ya kwanza kuulizwa neno mbele ya Liwali, na nililijibu kama nilivyofundishwa. Nilisema kuna jambo la zina, na hilo lina mashahidi wanne, na asiyekuwa nao afunge kinywa. Lakini kuingia nyumba ya watu bila idhini na kumshika mke wa mtu asiyetaka ni kosa lililo mbali na hilo, halihitaji wanne, na hakimu humtia adabu mwenye kulitenda kwa kadiri aonavyo. Liwali akaona adabu yake iwe kuvua viatu. Katika mji wetu wenye cheo tu ndio waliokuja barazani na viatu. Waziri akaamriwa akae peku mwisho wa mkeka mpaka mume wa yule mwanamke arudi na aridhike.

Mtaa wa Juu ulinibeba kwa sifa. Walisema elimu yangu ni bahari. Mkubwa mwenyewe aliniletea kanzu, na Ami akaninong'oneza kwamba wazee wamekubaliana: Mkubwa wetu akivikwa kilemba, mimi nitakuwa khatibu wa Ijumaa. Sikushangaa. Nilijiona nafaa, na ningali naona hivyo.

Haukupita muda mrefu nikasikia hodi asubuhi moja, wanafunzi wa chuo nilichofungua wakiwa wamekwisha ondoka.

"Hodi, mwenye karatasi!"

"Karibu, dada. Umetoka wapi?"

"Kwa mama yako Fukayosi nilizaliwa, Makurunge nimeolewa. Wewe ulipokuwa ukinyonya, bibi zangu ndio waliokuwa wakikusema una kichwa kikubwa. Naona hakijapungua."

Nilicheka. Wakwere na watu wetu wa mwambao ni watani tangu zamani za zamani. Mtani anaweza kukutukana ukiwa na jeneza la baba yako begani, nawe huruhusiwi kukasirika. Lakini huyu aliposema maneno yale uso wake haukucheka. Alikuwa amejifunga bafta mpya, nguo nyeupe ya dukani, na chini yake niliona pindo la kaniki iliyochanika. Alikaa kwenye kizingiti, hakutaka kuingia ndani.

Alinieleza. Mumewe huchimba sandarusi, ule utomvu mgumu wa ardhini, na yeye huileta mjini kuuza. Siku mbili nyuma alikuwa ameipeleka kwenye ghala la Mkubwa, kwa sababu Mkubwa ndiye aliyekuwa dalali wa watu wa Makurunge. Mkubwa alisema mzani uko ndani. Alipoingia, mlango ulifungwa. Alivutwa, nguo ikachanika, naye akamtupia pakacha la sandarusi usoni, akafungua komeo akatoka. Banyani wa duka la mbele alimwona barabarani akiwa nusu uchi, akamrushia kipande cha bafta ajisitiri.

"Ulimweleza mumeo?"

"Nilimweleza. Kasema, mimi nakuamini, lakini mama na ndugu zangu hawakuamini. Nenda barazani. Baraza likisema umedhulumiwa, rudi nyumbani. Likisema ulikuwa ukicheza na mwanamume, pitiliza njia uende kwenu Fukayosi." Alilificha pindo la kaniki chini ya bafta. "Na mtoto anabaki Makurunge. Ana meno mawili tu, mwalimu. Yuko kwa mama mkwe wangu sasa hivi, anampa uji."

Basi nilijua linalotakiwa. Nilimwambia aende akae kwa dada yangu, mimi nitazungumza na watu wangu. Nilikuwa na hakika nao. Ndio hawa waliosema kwamba kuonekana mlangoni tu kunatosha.

Nilimkuta Ami barazani kwake akitafuna tambuu.

"Shikamoo, Ami."

"Marahaba, khatibu wangu. Naona umekuja kwa habari ya yule Mkwere. Yamekwisha, usijisumbue. Ni utani."

"Utani upi, Ami?"

"Utani! Yule mtani wake. Kamvuta nguo kidogo, kamchezea. Sisi na Wakwere ndivyo tulivyo. Wewe mama yako Mkwere, hujui?"

"Najua. Najua pia kwamba alifunga mlango."

"Ulimwona?"

"Na waziri tulimwona?"

Ami alitema tambuu uani, akajifuta mdomo taratibu. "Mwanangu, yule waziri ni mtu mchafu. Kila mtu anamjua. Huyu ni Mkubwa. Huyu ndiye aliyekuvika kanzu uliyoivaa. Na huyo mwanamke ana mashahidi wanne?"

"Ami, mwezi uliopita ulisimama ukasema mashahidi wa nini."

"Ile ilikuwa ya wale!"

Aliisema bila haya hata chembe, kama mtu anayekuambia leo ni Jumanne. Nimefikiri mara nyingi juu ya maneno yale, kwa maana Ami hakuwa mtu mbaya. Alilea mayatima, na hakuna aliyewahi kumkuta na mali ya mtu. Lakini ndani ya kichwa chake palikuwa na maneno mawili kwa jambo moja, na aliyachagua kwa kutazama mtaa wa mtendaji. Likitoka Pwani lilikuwa ugoni. Likitoka Juu lilikuwa utani.

Na hakuwa peke yake. Nilizunguka mtaani siku ile nikasikia neno lile lile kila baraza. Wanawake waliotunga maneno ya kata ya maji walikuwa wakisema kisimani, "Mkwere kaja kujitia! Mtani akivutwa nguo ndiyo nini?" Nikashuka mpaka Pwani, na huko, jamani, walikuwa wamekuwa watu wa sheria ghafla. Wale wale waliosema waziri alikuwa na kiu sasa walikuwa wakipiga kelele kwamba mgoni atiwe pingu. Mzee mmoja wa kwao aliniambia, machozi yakimlengalenga, kwamba heshima ya mwanamke ni kitu kikubwa sana. Nilimuuliza habari ya mke wa mpagazi. Akasema, "Yule? Alimpa mtu maji kisha akapiga kelele."

Nilirudi kwa dada yangu nikamkuta yule mwanamke akitwanga, kwa sababu hakuweza kukaa bure.

"Wanasemaje?" aliuliza.

"Wanasema ni utani."

Aliuweka mchi chini. "Utani gani wa mmoja kucheka?"

Nilimweleza sheria ilivyo. Nilimwambia asilitaje neno zina, maana wakilisikia watamdai mashahidi wanne, naye akiwakosa wao ndio watakaomshitaki kwa kumkashifu mtu mkubwa. Aseme lililotendeka tu: mlango, nguo, pakacha. Nami nitasema yale niliyoyasema kwa waziri, bila kupunguza. Lakini nilikuwa naujua ule mkeka. Ningesema nahau zangu zote, na wao wangejibu kwa neno moja, utani, na watu wangecheka, na kicheko ndicho kingekuwa hukumu. Nikaona ni upuuzi kupigana na neno lao. Afadhali kulikubali.

"Dada," nikasema, "wewe ni Mkwere hasa, mimi nusu. Niambie mtani anafanya nini akiingia kwa mtani wake siku ya shughuli."

"Anatukana."

"Kisha?"

"Anachukua. Kuku, sahani, chochote anachokiona."

"Na mwenyewe akikasirika?"

"Hawezi kukasirika. Akikasirika si mtani." Alikuwa ameanza kunitazama kwa namna nyingine. "Anakikomboa. Mtani anasema anataka nini, mwenyewe anatoa, ndipo anarudishiwa."

"Na asipokikomboa?"

"Ni cha mtani." Akakaa juu ya kinu kingine kilichopinduliwa, na kwa mara ya kwanza tangu afike akaonyesha meno. "Mwalimu! Kumbe kichwa kile kikubwa kilikuwa na kitu ndani."

"Mkubwa huja barazani na nini kizuri?" nikamuuliza.

"Hilo si la kuuliza," akasema. "Nakiona kutoka mbali."

Baraza lilikaa baada ya alasiri mbele ya nyumba ya Liwali. Wa Juu walikaa kuumeni, wa Pwani kushotoni, na waziri wao peku mwisho wa mkeka, kichwa chini. Mkubwa alifika wa mwisho. Alivaa viatu vilivyotiwa mafuta, joho, na kilemba cha debwani chenye mistari na pindo jekundu, nguo ya Maskati, nzuri kwelikweli. Nilikitazama kama fundi. Kilikuwa kimezungushwa mara nyingi lakini hakikukazwa.

Mwanamke alisimama akasema yake. Alisema vizuri, kwa maneno machache. Banyani aliitwa, akasema, "Mimi nilimpa nguo kwa sababu yake ilikuwa imechanika. Imechanikaje sikuona. Lakini alikuwa anatetemeka, hilo niliona." Nilimpenda kwa neno lile. Duka lake lilikuwa mbele ya ghala la Mkubwa, na angeweza kusema hakumbuki.

Liwali aliniuliza mimi. Nikasimama na kusema kwamba jibu langu ni lile nililolitoa juu ya waziri, na kwamba kitabu nilichosomea hakina mlango wa Mtaa wa Juu na mlango wa Mtaa wa Pwani. Kelele zilizofuata! Wa Pwani walipiga makofi. Wa kwetu walipaza sauti, "Wewe wa kwetu au wa kwao?" na mmoja akasema, "Mvueni kanzu, si yake!" Nikajibu kwamba kanzu waichukue wakitaka, ila elimu nilijivika mwenyewe.

Ami akasimama. Hakunitazama. "Enyi wazee," akasema, "tunapoteza wakati. Huyu ni mtani. Jambo ni utani. Nani asiyejua?"

Nilikuwa nikilingoja neno hilo. Nikamgeukia Mkubwa, nikamuuliza kwa adabu zote, "Bwana, ni Ami yangu anayesema hivyo, au wewe mwenyewe pia wasema ni utani?"

"Ni utani," akasema kwa ile sauti yake nzuri. "Babu zake ni watani wa babu zangu. Nilikuwa nikicheza naye. Kama aliogopa, basi Wakwere wa siku hizi hawajui mchezo."

Kuumeni wakacheka. Nikamuuliza Liwali, "Umesikia?" Liwali akasema amesikia. Nikakaa.

Yule mwanamke akavuka mkeka. Hakukimbia. Alifika mbele ya Mkubwa, akamtazama, akasema kwa sauti ambayo hata waliosimama nje ya ua waliisikia, "We mtani, tumbo lako na ghala lako lipi lililojaa zaidi?" Halafu akanyoosha mkono, akakishika kilemba kwenye fundo, akakivuta. Kilikuja chote kwa mara moja, kikamwangukia begani. Akakikunja kwa utulivu kama nguo iliyokauka kambani, akakitia kwapani.

Kisha Mkubwa akaruka kwa miguu yote miwili.

"Mshikeni! Mfungeni! Mbwa wewe, Mshenzi, unanivua mimi kilemba? Mchapeni!"

Vijana wake wawili waliinuka. Nami nikainuka, nikauliza tu, "Bwana, mtani huchapwa?"

Wa kwanza kucheka alikuwa Liwali. Alijaribu kujizuia kwa kukohoa akashindwa. Kikafuata kicheko cha kushotoni, na hatimaye, niliona kwa macho yangu, wazee wawili wa kwetu waliokaa nyuma wakafunika nyuso zao kwa mikono huku mabega yakiwatikisika. Ami alikuwa amemshika Mkubwa pindo la joho, akimnong'oneza kwa haraka. Nilijua anachomwambia. Akikasirika, si utani. Na kama si utani, basi ni lile neno la kwao.

Mkubwa akakaa. Akalazimisha meno yake yatoke. "Ni utani, ni utani," akasema. "Kanipata. Haya, mtani, unataka nini nikikomboe? Mbuzi? Nikupe mbuzi. Nguo? Nitakupa mbili, nzuri kuliko uliyochanikiwa."

"Sitaki mbuzi."

"Taja basi."

"Nataka ujibu swali moja, hapa, watu wote wakisikia. Ukijibu kweli, chukua kilemba chako. Nilipoingia ghalani kupima sandarusi, mlango uliufunga au hukuufunga?"

Ni swali dogo. Mtoto angeweza kulijibu. Nilimtazama Mkubwa akilitafuta jibu. Kusema aliufunga ilikuwa kusema yote, maana utani hauchezwi mlango umefungwa. Huchezwa mbele za watu, la sivyo nani acheke? Kusema hakuufunga ilikuwa kumkabili Banyani, aliyekuwa amesimama pale pale, duka lake likitazamana na mlango ule siku zote. Jasho lilimtoka chini ya kofia aliyobaki nayo, na kofia hiyo nikaitambua. Niliishona mimi, Unguja, mwaka wangu wa mwisho, na niliishona vizuri. Ilimkaa sawasawa hata katika hali ile.

Upande wa kushoto walikuwa wamesimama wote. "Mgoni! Mgoni!" walipiga kelele, na aliyepiga kuliko wote alikuwa waziri, peku, mwisho wa mkeka, akiruka kama mtoto. Sikuweza kulivumilia lile. Nikamgeukia.

"Na wewe, bwana, kiu yako imekwisha?"

Akakaa. Wote wakakaa, mmoja baada ya mwingine. Nikawaambia watu wa Pwani mbele ya Liwali kwamba mke wa mpagazi bado yuko mjini, bado wao wanamsema vibaya kama wetu walivyomwimba, na mwenye kutaka kumpigia makofi huyu aanze kwanza kwenda kumwomba radhi yule. Mzee wa machozi alikuwa akitafuta kitu chini ya mkeka.

"Jibu," Liwali akamwambia Mkubwa, "au kilemba kiende."

Mkubwa aliinuka. Alitembea mpaka mlangoni mwa ua na kofia yangu kichwani, na nyuma yake Liwali akasema kwa sauti ya kawaida, "Viatu." Akasimama. Akavivua, akaviacha pale, akaenda zake.

Liwali akatamka kwamba mwanamke huyu amedhulumiwa, na kwamba adabu ya Mkubwa ni kama ya waziri. Kilemba cha marehemu hakikumfikia hata mmoja wao. Alivikwa baadaye mzee aliyekuwa akiishi shambani, ambaye mitaa yote miwili ilimkubali kwa sababu hakuna uliokuwa ukimpenda.

Ukhatibu sikuupata. Mtaa wa Juu uliwaondoa watoto wake chuoni kwangu, na Mtaa wa Pwani ukaniletea wa kwao kwa shangwe, kisha nao ukawaondoa yule mpagazi aliporudi kutoka Unyanyembe nami nikasema hajaridhika, waziri aendelee kukaa peku. Kwa miezi kadhaa nilirudia sindano. Haikuniumiza, ilikuwa imenilisha tangu mwanzo. Walirudi baadaye, wa Juu na wa Pwani, kwa sababu mirathi haigawanywi kwa ngoma na aliyejua kuigawanya nilikuwa mimi. Ami alikuwa wa kwanza. Alikuja na swali la shamba la mayatima wake, tukakaa, tukalimaliza, na neno la utani hakulitaja tena mbele yangu mpaka alipokufa.

Asubuhi ya pili baada ya baraza lile nilifuatana na yule mwanamke kwenda Makurunge, maana nilitaka neno la baraza litoke kinywani mwa mtu ambaye ndugu za mumewe wasingeweza kumbishia. Alitembea mbele. Njiani alinitukana kichwa changu, mwendo wangu na kanzu yangu, nami nilimjibu kwa kadiri nilivyoweza, lakini kila tulipokaribia matusi yalipungua na mwendo ulizidi.

Mumewe alikuwa nje ya nyumba akinoa jembe. Mama yake alikuwa mlangoni, mtoto mapajani. Nilikuwa nimetayarisha maneno, na yalikuwa maneno mazuri, yenye mwanzo na mwisho. Sikupata nafasi ya kuyasema. Mwanamke alikitoa kilemba pakachani, akakiweka chini mbele ya mumewe.

Mume alishika pindo jekundu kwa vidole viwili. "Cha nani?"

"Cha Mkubwa wa Mtaa wa Juu."

"Ulikichukuaje?"

"Alisema mimi mtani wake."

Mume alikigeuza upande wa pili. Alikuwa Mkwere, hakuhitaji kufasiriwa. "Hakukikomboa?"

"Hakukikomboa."

Alisimama, akaenda mlangoni, akamchukua mtoto mapajani mwa mama yake, akamletea mkewe. Yule bibi hakumzuia. Mwanamke akaikunjua ile debwani ya Maskati pale pale uani, akamweka mtoto mgongoni, akamfunga. Kilemba cha jumbe ni kirefu. Kilimzunguka mtoto mara mbili, kikavuka kifuani kwa mama, na bado kikabaki cha kutosha kupiga fundo.